Mkondo wa Amali Umesogeza Uchaguzi, Ushauri Umebaki Pale Pale

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilipozinduliwa hapa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, mazungumzo kuhusu mkondo wa amali, yaani ule wa kujifunza ufundi na kazi za vitendo, yamekuwa mazungumzo ya karakana. Wazazi wanauliza kama mtoto wa amali ataweza kufika chuo kikuu, viongozi wanauliza mashine za kuchomelea zitanunuliwa kwa fungu gani, na walimu, wakiwa wamebaki wenyewe, wanauliza nani atawafundisha wao kwanza kabla hawajamfundisha mtoto kutandaza nyaya za umeme. Ni maswali ya haki na yanastahili majibu. Hata hivyo naona tumeshika mkia wa jambo tukadhani tumeshika kichwa. Badiliko kubwa lililomo katika sera hii ni la wakati. Uamuzi wa kijana aelekee wapi, ambao kwa miaka mingi ulifanyika akishamaliza Kidato cha Nne, tayari ana ndevu mbili tatu na maoni yake, sasa unabisha hodi kwa mtoto anayemaliza Darasa la Sita. Uchaguzi umesogezwa nyuma kwa miaka kadhaa, lakini ushauri haujasogezwa hata hatua moja. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba upungufu wa mashine unaweza kuzibwa kwa bajeti ya miaka miwili au mitatu, ila upungufu wa watu wazima wanaoijua kazi na walio tayari kukaa na kijana kwa miaka hauzibwi kwa zabuni, na usipoanza kushughulikiwa sasa mkondo wa amali utageuka mahali pa kuwapeleka watoto tusiojua tuwapeleke wapi.

Kwa msomaji ambaye hakufuatilia, mpangilio ni huu. Elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Katika miaka hiyo minne kuna njia mbili, mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na katika huo wa pili mwanafunzi anasoma fani kama ujenzi, umeme, kilimo, ushonaji au ufundi magari sambamba na masomo ya kawaida. Utekelezaji ulianza Januari 2024 kwa madarasa machache, likiwamo Darasa la Tatu. Kutokana na hilo, mwishoni mwa mwaka 2027 watoto wa Darasa la Sita wa mtaala mpya watamaliza pamoja na Darasa la Saba la mwisho, na Januari 2028 wote watapiga hodi Kidato cha Kwanza kwa wakati mmoja. Nchi nzima inahesabu madawati ya siku hiyo. Sijasikia mtu akihesabu wangapi kati ya watoto hao watakuwa wamewahi kukaa hata saa moja na mtu anayeifanya kazi wanayotarajiwa kuisomea. Mtu anaweza kusema kwamba watoto wengi hawatachagua kitu, watapangiwa tu kutokana na shule iliyo karibu na fani iliyopo. Inawezekana kabisa. Lakini mtoto aliyepangiwa njia ana haja kubwa zaidi ya mtu wa kumweleza njia hiyo inatokea wapi kuliko yule aliyeichagua mwenyewe.

Wanaowalaumu wazazi kwa kuidharau amali wanasahau kwamba dharau hiyo ina historia, na historia yenyewe haikuanzia kwa wazazi. Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, alitaka shule iache kuzalisha makarani wanaoona aibu kushika jembe. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansi kimu, na shule za ufundi kama Ifunda, Moshi, Tanga na Iyunga zikatoa mafundi ambao hadi leo majina yao yanatajwa kwa heshima katika viwanda na mashirika. Kwingineko mambo yalikwenda upande mwingine. Shamba la shule likawa mahali pa kupeleka waliochelewa namba, jembe likawa adhabu, na mtoto aliyefanya vibaya darasani akaambiwa mbele ya wenzake kwamba mwisho wake ni kulima. Mzazi aliyepitia hayo ameona kwa macho yake kwamba aliyeshika kalamu alipata nyumba ya shirika na aliyeshika jembe alibaki na jembe. Leo anapoambiwa kwamba amali ni fursa, anasikia ile adhabu ya zamani imevaa nguo mpya. Hatuwezi kumbadilisha kwa mabango. Atabadilika akimwona fundi anayemjua kwa jina, anayeishi mtaa wa pili, ambaye amejenga na anasomesha, akikaa na mwanawe na kumwonyesha hesabu za kazi yake.

Hapa inafaa tukubaliane tunazungumzia nini, kwa sababu neno limechakaa kabla ya kutumika vizuri. Siku hizi kila mwenye kipaza sauti ni mshauri wa vijana. Watu wa semina humwita menta. Anakuja shuleni siku moja, anasimulia alivyotembea peku na sasa ana gari, watoto wanapiga makofi, picha inapigwa, anaondoka. Sina ugomvi na wasemaji hao, ingawa naona mara nyingi wanajishauri wenyewe kwa sauti. Ninachosema ni kwamba huo si ulezi. Kiswahili kilikuwa na majina ya ulezi wa aina hii kabla semina hazijaingia nchini: kulikuwa na kungwi na somo kwa ajili ya kumtoa mtoto utotoni, na kulikuwa na fundi na mwanagenzi kwa ajili ya kazi. Majina hayo yote yana sifa mbili zinazofanana. Kwanza, ni ya uhusiano wa watu wawili wanaojulikana, na jamii ilijua nani ni somo wa nani. Pili, mlezi aliwajibika. Kijana akiharibika, swali la kwanza lilikuwa ni nani aliyemfunda. Msemaji wa semina hawajibiki kwa lolote, na wala hatumlaumu, kwa kuwa hatukumkabidhi mtoto yeyote.

Tofauti hiyo niliiona kwa karibu mwaka juzi katika shamba la zabibu wilayani Chamwino, wakati wa kupogoa. Zabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mavuno hutanguliwa na mkasi. Bibi mmoja alikuwa mstari mmoja na mjukuu wake, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka uliotangulia na kukaa nyumbani. Kijana alikata tawi, akaliacha refu. Bibi hakusema neno. Alirudi, akashika tawi lile kwa vidole, akahesabu macho, yale yanayotoa machipukizi, kwa sauti, "Moja, mbili," kisha akakata juu kidogo ya jicho la pili, kwa mshazari, maji yasikae. "Ukiacha matano utavuna majani, mwanangu," akasema, akasonga mbele. Mti wa tatu kijana alihesabu mwenyewe. Mti wa saba au wa nane bibi aliacha kugeuka nyuma. Baadaye, tukiwa kivulini, nikamsikia akimweleza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kilimo cha sekondari: kwa nini asikubali kuuza zabibu zote siku ya kwanza mnunuzi anapotia mguu kijijini, nani alipe kwanza, na kwa nini wengine siku hizi wanakamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu badala ya kuuza matunda yakiwa yanaanza kulegea. Somo la kupogoa lingeweza kutolewa na mwalimu mzuri kwa vipindi viwili. Somo la mnunuzi lisingewezekana, kwa sababu linahitaji mtu aliyewahi kupunjwa.

Kinyume chake ni kile nilichokiona nikiwa mwanafunzi, nami nakisema kwa ufupi kwa sababu najua wasomaji wengi wana chao cha namna hiyo. Fomu za kuchagua tahasusi, yaani kundi la masomo matatu ya Kidato cha Tano na Sita, zililetwa darasani kipindi cha mwisho kabla ya chakula. Mwalimu aliandika ubaoni herufi tatu tatu, PCM, PCB, HGL na nyinginezo, akatwambia fomu zirudi kabla ya kengele. Jirani yangu alinakili kwangu tahasusi ya kwanza na ya pili, kama mtu anavyonakili hesabu, nami nilikuwa nimenakili kwa kaka yangu. Hayo yalikuwa enzi za tahasusi chache. Mwaka 2024 Serikali iliongeza tahasusi 49, jumla ikawa 65. Upana huo ni mzuri, na aliyezoea kulalamika kwamba elimu yetu ni nyembamba hana budi kukiri hivyo. Lakini kuongeza milango kwenye korido yenye giza hakumsaidii asiyejua ndani ya kila chumba kuna nini. Kadiri chaguo zinavyoongezeka ndivyo haja ya mshauri inavyoongezeka, na mwalimu wa ushauri na unasihi katika shule nyingi za kata bado ni yule yule mwenye vipindi vyake vya Jiografia, usimamizi wa bweni na madaftari mia mbili ya kusahihisha.

Wapo wanaopinga mwelekeo huu kwa hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya rasilimali. Wanasema, shule ambayo haina mwalimu wa Hisabati na ambayo watoto wanakaa wanne dawati moja inazungumziwaje habari za walezi wa kazi? Tujenge kwanza madarasa, tuajiri walimu, mengine yatafuata. Sitaki kuipuuza hoja hii, hasa kwa mkoa kama wetu ambao Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,085,625, wengi wao wakiwa vijijini, katika wilaya ambazo mvua ikikosekana hata uji wa shule unakosekana. Jibu langu ni kwamba hoja hiyo inadhani ulezi ni mzigo mwingine unaowekwa juu ya kichwa cha mwalimu. Ukitazamwa hivyo, kweli haubebeki. Lakini ulezi ninaouzungumzia kwa sehemu kubwa uko nje ya shule, kwa fundi, mkulima, muuguzi, dereva wa mtambo, karani wa ghala, na kinachotakiwa kwa shule ni mtu mmoja wa kuunganisha, aliyepunguziwa vipindi ili apate nusu siku kwa wiki. Nusu siku ya mwalimu ni gharama, sikatai, ila ni gharama ndogo kuliko kumsomesha mtoto miaka minne fani ya ushonaji kisha akagundua baada ya mtihani kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kitambaa kinanunuliwa wapi kwa jumla.

Hoja ya pili ni ya usalama, na nashangaa haizungumzwi zaidi. Kumkabidhi mtoto wa miaka kumi na minne kwa mtu mzima asiye ndugu yake si jambo dogo. Kuna karakana ambazo saidia fundi amefagia na kubeba maji kwa miaka mitatu bila kushika spana ya maana na bila senti, akiambiwa kwamba anajifunza. Kuna mabinti ambao neno "kusaidiwa kazi" limewaletea masharti yasiyotamkika. Sheria tunazo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na hata aliyefika umri huo inamruhusu kazi nyepesi tu zisizomnyima shule, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa. Sheria hizi hazitoshi zikikaa ofisini. Mpango wowote wa ulezi usioeleza kijana atakutana na mlezi wapi, saa ngapi, nani mwingine atakuwepo, na mzazi atajuaje, ni afadhali usianzishwe. Hata hivyo hatari hii haiondolewi kwa kukaa kimya. Vijana tayari wanakwenda kwenye karakana, mashamba na maduka hayo bila shule kujua, na kinachofanyika gizani ndicho chenye hatari kubwa. Kuandika jina la fundi katika daftari la kata, pamoja na jina la kijana na siku zake, ni ulinzi ambao leo haupo kabisa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana kwenye vijiwe vya kahawa na hata kwenye meza za wenye mamlaka, ni ile inayosema: vijana wa leo ni wavivu na wanachagua kazi, sisi hatukuwa na mlezi yeyote na tukafika. Sehemu ya kwanza inaangushwa na matukio ya juzi tu. Mapema mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, waombaji walizidi 130,000. Watu wavivu hawajazi fomu kwa wingi huo, hawapandi mabasi usiku kwenda kwenye usaili wakijua uwezekano wa kupata ni mdogo kuliko wa kukosa. Kinachoonekana pale ni watu wengi mno wanaojua mlango mmoja. Nani aliwaonyesha mwingine? Tukipita asubuhi kwenye stendi za bodaboda za Nkuhungu au Ipagala tutawakuta wahitimu wa diploma na shahada wakifanya deiwaka kwa pikipiki ya mtu mwingine; hao nao hatuwezi kusema wanachagua kazi.

Sehemu ya pili, ile ya "sisi hatukuwa na mlezi", inastahili kujibiwa kwa upole kwa sababu wanaoisema wanaiamini. Ukweli ni kwamba walikuwa naye, ila alikuwa mkubwa mno hawakumwona. Hadi miaka ya 1980 mhitimu wa chuo alipangiwa kituo cha kazi na Serikali. Barua ilimfikia, akapewa tiketi ya treni, akapokewa kituoni na mtu wa ofisi, akaonyeshwa nyumba. Kabla ya hapo alipitia Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliosimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013. Kazini alikuta afisa mwandamizi ambaye kumfundisha mgeni ilikuwa sehemu ya wajibu wake. Mfumo wenyewe ndio uliokuwa mlezi. Ulipoondoka, katika miaka ya mageuzi ya uchumi, hakuna aliyeutangaza msiba wake, na waliopitia humo wakabaki na kumbukumbu kwamba walifika kwa miguu yao. Kijana wa leo anaambiwa ajiajiri, neno ambalo ndani yake lina kazi nane za watu nane: kutafuta mtaji, kununua, kuzalisha, kuuza, kudai, kutunza hesabu, kulipa kodi na kugombana na mgambo. Kumwambia ayafanye yote peke yake akiwa na miaka kumi na minane, kisha kumwita mvivu akianguka, ni kumwonea.

Dodoma ina sababu ya pekee ya kuanza, na hapa nitakaa kidogo. Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia hapa, na hasa baada ya manispaa kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, tumepokea wahandisi, wahasibu, wapima ardhi, wanasheria, watu wa takwimu na mafundi sanifu kwa idadi ambayo mji huu haukuwahi kuiota. Jiji lilikuwa na watu 765,179 wakati wa Sensa ya 2022 na kila siku wanaongezeka. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007. Kuna Chuo cha Mipango, Chuo cha Madini, Chuo cha Serikali za Mitaa kule Hombolo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina chuo chake hapa. Treni ya umeme inafika tangu 2024. Lakini nenda katika shule yoyote ya Mtumba au Ihumwa, ambako majengo ya wizara yanaonekana kutoka dirisha la darasa, uwaulize watoto watu wanaoingia mle asubuhi wanafanya nini. Nimewahi kuuliza. Nilijibiwa kwamba wanasaini. Mtoto mmoja aliongeza kwamba wengine wanalinda geti. Wazazi wa watoto wale ni wenyeji ambao viwanja vyao vilipimwa na kuuzwa, na kitu pekee kilichowaunganisha na wizara ni kibarua cha kubeba zege wakati wa ujenzi. Ujenzi ukiisha, na sehemu kubwa itaisha, uhusiano huo nao utaisha.

Fikiria kama mpima ardhi mmoja tu wa Mtumba angekubali kuwachukua watoto watatu wa Ihumwa, mara moja kwa mwezi kwa miaka miwili, wakashika kifaa, wakaona jinsi mpaka wa kiwanja unavyokokotolewa kwa zile hesabu za pembetatu wanazozichukia. Sidai kwamba wote watatu watakuwa wapima ardhi. Pengine mmoja atajua kwamba hataki kabisa kazi ya kusimama juani, na hilo nalo ni jambo kubwa kulijua ukiwa na miaka kumi na mitano badala ya ishirini na sita. Wastaafu pia wapo, na ni hazina tunayoiacha ioze. Mtumishi wa umma analazimika kustaafu akiwa na miaka 60, bado ana nguvu na ana simu yenye majina ya watu mia tano. Siku ya kuagwa tunampa cheti na mabati, kisha tunamwacha akafuge kuku ambao hajui kuwafuga, naye hapo anahitaji kijana wa kumlea upande wa kuku.

Kuna anayeweza kuniambia kwamba fedha ndiyo tatizo, si walezi, na kwamba vijana wakipewa mitaji watajipanga wenyewe. Jambo hili tumeshalijaribu. Kwa mujibu wa sheria kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisitishwa baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho hafifu, na ikarejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Marekebisho mengi yaliyofuata yalihusu nani atoe fedha na nani azikague. Ni sawa. Lakini vikundi vingi vya vijana ambavyo si hewa navyo vilianguka, na ukikaa nao utasikia hadithi inayofanana: walinunua mashine ya kukamua alizeti bila kumuuliza mtu wa Singida au Kibaigwa ambaye ameshachoma mota mbili, wakaiweka mahali ambapo umeme hautoshi, au wakanunua mbegu ghali mwezi ambao kila mwenye stoo anazificha. Hela ilikuwepo. Mtu wa kuwaambia "ngojeni kwanza" hakuwepo. Afisa maendeleo ya jamii anawatembelea, ila yeye ana vikundi arobaini na pikipiki moja, na hajawahi kukamua alizeti.

Haya yakikubalika, yapo mambo yanayofuata ambayo hayataki programu mpya yenye nembo na fulana. Fomu ya kuchagua mkondo au tahasusi haiwezi kuendelea kuwa jambo la kipindi kimoja. Inapaswa kuwa ukurasa wa mwisho wa daftari ambalo mtoto amelijaza kwa miaka miwili, likiwa na majina ya watu watatu au wanne aliokaa nao kazini, aliona nini kwao, na nini kilimchosha. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo ina madiwani na watendaji wanaojua kila mwenye karakana kwa jina la utani, ndiyo mahali pa kutunza orodha ya walezi, si wizarani. Kikundi cha vijana kinachoomba mkopo wa halmashauri kiulizwe nani mlezi wake katika biashara ile, na mlezi huyo aitwe siku ya kikao. Tena tuache tabia ya kumsahau mtoto siku anayorudisha sare. Mwaka wa kwanza baada ya mtihani, ule wa kusubiri matokeo na kisha kusubiri kitu kisichojulikana, ndio mwaka ambao tunawapoteza wengi, na ndio mwaka ambao hawapo katika rejista ya shule, hawapo katika ya chuo, na hawapo katika ya mwajiri yeyote. Mwalimu wa unasihi akipewa muda wa maongezi ya simu ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa darasa lake, atajua mengi kuhusu mtaala wetu kuliko tume nyingi.

Swali gumu linalobaki kwangu ni la mlezi mwenyewe anapata nini. Fundi wa madirisha ya aluminiamu pale Chang'ombe, ambaye siku yake ina thamani, hatamfundisha mtoto wa mtu bure kwa sababu tu makala imemsifu, na ukimlazimisha atampa ufagio. Zamani mwanagenzi alilipa kwa kazi yake, na mzazi alileta mbuzi. Leo pengine halmashauri inaweza kumpunguzia ushuru, au kumpa alama katika zabuni ndogo za kutengeneza madawati na madirisha ya shule, kwa sharti kwamba vijana aliowalea wanatajwa na kuhojiwa. Serikali tayari inakusanya tozo ya kuendeleza ufundi stadi kutoka kwa waajiri, na sioni kwa nini sehemu yake isimfikie mtu anayefundisha kwa vitendo chini ya mwembe, mradi anafundisha kweli. Hayo yanahitaji mjadala wa watu wanaoijua fedha kuliko mimi. Ila yana tarehe. Bajeti ya mwaka wa fedha 2027/28 ndiyo itakayowapokea watoto wa Januari 2028, na halmashauri huanza kuandika bajeti zao miezi mingi kabla ya Julai. Katika vikao hivyo kutakuwa na fungu la madarasa, fungu la madawati na fungu la mashine. Ningependa diwani mmoja wa kata ya pembezoni, Zuzu au Mbalawala, anyanyue mkono aulize mwalimu wa unasihi wa shule yake ametengewa vipindi vingapi kwa wiki, na orodha ya mafundi iko kwenye faili gani.